Jalada la Kazi la Kuombea Shahada ya Ubunifu na Biashara ya Mitindo: Mwongozo Kamili

Waombaji wengi wa shahada ya mitindo hukataliwa ilhali wana mkono mzuri wa kuchora. Nimepitia majalada mengi, yaani mikusanyo ya kazi ambayo mwombaji huipeleka chuoni, na kosa ni lile lile: kurasa ishirini za wanamitindo warefu ndani ya magauni ya sherehe, kila ukurasa na gauni lake, bila alama hata moja ya jinsi gauni lilivyofikiriwa, litakavyokatwa, litavaliwa na nani na litauzwa vipi. Jalada langu la kwanza lilikuwa hivyohivyo, na lilirudishwa.

Jopo linalosoma jalada lako halitegemei kukuta mbunifu aliyekwisha iva. Angekuwa ameiva, asingehitaji chuo. Linataka kuona akili yako ikifanya kazi: ulianzia wapi, ukakosea wapi, ukarekebishaje. Hatua zilizopo hapa chini zimepangwa kwa mtu mwenye wiki 12 na saa mbili za kazi kwa siku. Ukiwa na muda mfupi zaidi, punguza idadi ya nguo. Usiruke hatua.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari la michoro la ukubwa wa A4, karatasi nene kiasi cha kutopitisha wino.
- Penseli laini na ngumu, kalamu nyeusi ya ncha nyembamba, kalamu nyekundu.
- Futi ya kupimia mwili, rula ndefu, karatasi kubwa za kukatia pateni, yaani vipande vya karatasi vinavyofuatwa wakati wa kukata kitambaa.
- Mita 5 hadi 6 za marekani, yaani ile pamba isiyopaushwa wala kutiwa rangi. Shuka kuukuu la pamba linatosha pia.
- Mkasi wa kitambaa ambao hautakata karatasi kamwe, pini, sindano, uzi, na cherehani hata ya kuazima.
- Vipande vya vitambaa, angalau aina 12.
- Simu yenye kamera na dirisha lenye mwanga wa mchana.
- Programu ya hesabu za jedwali, au daftari la mistari na kikokotoo.

Hakuna kompyuta ya bei kubwa kwenye orodha hii, na sijaisahau. Mchoro wa kalamu uliopigwa picha vizuri unakubalika. Mchoro wa kompyuta usioonyesha mshono haukusaidii.

## Hatua ya 1: Jua unaomba shahada gani

Ubunifu wa mitindo ni kazi ya umbo, kitambaa, pateni na ushonaji. Biashara ya mitindo ni kuamua duka lipokee nguo gani, ngapi, kwa saizi zipi, kwa bei gani na lini zishushwe bei. Shahada inayounganisha mambo haya mawili itakupima kwa yote, na hapo ndipo wachoraji wazuri huangukia: wanapeleka jalada la nusu moja tu.

Andika masharti ya kila chuo kwenye karatasi moja: idadi ya kurasa, aina na uzito wa faili, tarehe ya mwisho, kama wanataka nguo halisi, na kanuni yao kuhusu picha zilizotengenezwa na programu za akili bandia. Kanuni hiyo isome kwa makini. Picha uliyozalishiwa na programu ukaiita yako inaweza kulizamisha jalada zima.

## Hatua ya 2: Chagua mvaaji mmoja na shida moja

Usianze na neno kubwa kama "bahari" au "uhuru". Neno kubwa halikatai kitu chochote, kwa hiyo halikusaidii kuamua lolote. Anza na mtu na shida yake ya mavazi.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: suruali na koti la kazi vya mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Nimeuchagua kwa sababu karibu kila pateni ya kawaida imechorwa kwa mwili uliosimama. Mtu akiketi, mstari wa nyuma kutoka kiunoni hadi kwenye kiti hurefuka, na wa mbele hufupika. Suruali ya dukani hushuka nyuma na kuacha mgongo wazi, hujikusanya tumboni, na pindo hupanda juu ya kifundo cha mguu. Mfuko wa nyuma na mshono mnene vikikaliwa kutwa nzima vinaweza kuchangia vidonda vya mgandamizo. Pindo la koti refu hunaswa na gurudumu, na mkono wa koti husuguliwa hadi uchakae.

Tazama jinsi shida hiyo moja ilivyokwisha kukupa kazi sita za ubunifu kabla hujagusa penseli.

Wewe utachagua mvaaji wako. Awe mtu unayeweza kukaa naye, kumpima kwa ridhaa yake na kumrudia mara tatu. Ukiweza kuandika sentensi moja yenye mvaaji, shughuli na shida ya nguo, uko tayari kuendelea. Ukihitaji aya nzima, bado hujachagua.

## Hatua ya 3: Tafiti kwa macho yako

Jaza kurasa 40 hivi za daftari. Nusu yake, kwa uchache, iwe ni vitu ulivyoviona mwenyewe: mtu akivaa koti, mkono ukitafuta zipu, pindo lililochakaa upande mmoja. Chora haraka, dakika mbili kila mchoro, na uandike pembeni saa, mahali na ulichokigundua.

Picha za kupakua intaneti zina nafasi yake, lakini kila mwombaji anazo zile zile. Mchoro wa kiwiko cha mtu mmoja kikigonga tairi uko kwako peke yako.

Mtu unayemchora au kumpima mwombe ruhusa kwanza, na usitumie sura wala jina lake kwenye jalada bila idhini. Muulize pia nguo anayoipenda kuliko zote ni ipi, na kwa nini. Waombaji husahau swali hili kwa sababu wamejiandaa kusikia malalamiko tu, na jibu lake ndilo linalokuambia usiharibu nini.

## Hatua ya 4: Vijue vitambaa kwa mkono

Kata kila kitambaa kipande cha sentimita 5 kwa 5, kibandike kwenye daftari, kisha andika mambo manne chini yake: kinaundwa na nini, kizito au chepesi, kinaning'iniaje, na kinajikunja kiasi gani ukikifumbata kiganjani kwa sekunde kumi.

Usipojua kimetengenezwa na nini, choma uzi mchache tu juu ya sinia la chuma, ukiwa na koleo na maji karibu, dirisha likiwa wazi. Pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi na huacha majivu laini. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na hupenda kujizima. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa punje ngumu, na ikiwa bado ya moto hunata kwenye ngozi, kwa hiyo usiiguse. Kitambaa cha mchanganyiko kitakupa dalili mbili kwa pamoja.

Jifunze pia mtande na mshindio. Mtande ni nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, nazo kwa kawaida hazivutiki sana. Mshindio hukatiza. Ukikata hanamu, yaani mshazari wa digrii 45, kitambaa kile kile huvutika na kufuata mwili. Madeleine Vionnet alijipatia heshima katika ushonaji wa Ufaransa kwa kuielewa hanamu kuliko wenzake. Kwa suruali ya mfano wetu, hanamu haifai kwenye makalio kwa sababu italegea kwa kukaliwa. Inafaa kwenye kipande kidogo cha goti kinachohitaji kukunjika siku nzima.

## Hatua ya 5: Chora mengi, bakiza machache

Chora mawazo 30 madogo, kila moja likiwa na ukubwa wa kiganja. Mawazo kumi ya kwanza ni yale ambayo kila mtu angeyapata. Yanapoisha ndipo unaanza kubuni. Chagua sita, na karibu na kila ulilolitupa andika sababu kwa maneno machache: "zipu inabana tumbo", "mfuko hauonekani ukiketi".

Kisha chora kila nguo uliyoibakiza mara mbili.

Mchoro wa mwili. Umbo la mitindo huchorwa kwa urefu wa vichwa tisa, ilhali mtu mzima wa kawaida ana kama saba na nusu. Urefu wa ziada huwekwa miguuni. Kwa mvaaji wetu anayeketi, miguu hiyo mirefu inaharibu kila kitu, kwa hiyo mchore kwa uwiano wake wa kweli, ameketi. Jopo litaona kwamba umeijua kanuni na umejua ni wapi haifai.

Mchoro bapa. Hapa nguo imelazwa mezani bila mwili, mbele na nyuma, ikiwa na kila mshono, kifungo, zipu, mfuko na pindo. Mistari ya nje iwe minene, mishono myembamba, na ushonaji wa juu, yaani ule unaoonekana nje ya nguo, uwe wa nukta. Mpe fundi asiyekujua mchoro huo na umwombe akuambie angeanza kushona wapi. Akikuuliza zaidi ya maswali mawili, rudi mezani.

## Hatua ya 6: Shona nguo ya majaribio

Wengi huishia hatua ya tano. Ukishona nguo moja tu, hata kama haijakamilika, jalada lako linatoka kwenye rundo la michoro na kuingia kwenye rundo dogo linalosomwa polepole.

Pima. Mpime mvaaji katika hali atakayovaa nguo. Kwa mfano wetu, ameketi: kiuno, nyonga, kiunoni hadi kwenye kiti kwa nyuma, kiunoni hadi mkunjo wa paja kwa mbele, na kutoka nyonga kupitia gotini hadi kifundo. Pima kila kimoja mara mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, pima mara ya tatu.

Rekebisha pateni. Chukua pateni ya kawaida ya suruali. Kwenye kipande cha nyuma, kata mlalo katika mstari wa nyonga kuanzia mshono wa kati kuelekea pembeni, uache bawaba ndogo ya karatasi upande wa nje, kisha fungua pengo la sentimita 4 katikati. Kwenye kipande cha mbele fanya kinyume: kunja sentimita 3 katikati, mkunjo ufifie hadi sifuri pembeni. Namba hizi ni za kuanzia tu, mwili wa mvaaji ndio utakaoamua. Sababu ya kuacha bawaba ni kwamba urefu wa mshono wa pembeni haubadiliki, kwa hiyo mbele na nyuma bado vitashonana sawasawa. Ukisahau bawaba, utabaki na sentimita kadhaa zisizo na mwenzake.

Kata. Lalisha marekani, panga mshale wa pateni, ule unaoonyesha mwelekeo wa mtande, sambamba na ukingo, na uhakikishe kwa futi kwamba ncha zote mbili za mshale ziko umbali ule ule kutoka ukingoni. Mguu wa suruali uliokatwa nje ya uzi hujizungusha baada ya kufuliwa, na hakuna pasi itakayourudisha. Acha nafasi ya mshono ya sentimita 2 badala ya 1.5, upate pa kulegezea.

Shona kwa mshono mrefu, milimita 4 au 5, kwa sababu utafumua.

Soma mikunjo. Mvishe mvaaji, aketi kwa dakika 15 huku akifanya mambo yake, ndipo utazame. Mikunjo iliyovutwa kama kamba huelekeza mahali palipobana. Mikunjo iliyolegea na kuning'inia inaonyesha kitambaa kilichozidi. Chora juu ya marekani yenyewe kwa kalamu nyekundu, bana kwa pini, piga picha mbele, pembeni na nyuma, kisha fumua na urudie.

Mwombaji mmoja niliyemsaidia alitaka kutupa nguo yake ya kwanza kwa sababu ilikuwa na mistari myekundu kila mahali na kiraka chini ya goti. Nilimsihi aifanye ukurasa wa katikati wa jalada. Ile mistari ilieleza wiki tatu za kufikiri kuliko mchoro wowote aliokuwa nao.

Huna kitambaa cha kutosha? Shona kwa nusu ya kipimo: gawanya kila urefu kwa 2, nawe utatumia takriban robo ya kitambaa. Vionnet mwenyewe alibuni juu ya sanamu dogo la mbao. Onyo ni moja: kitambaa kile kile huonekana kigumu zaidi kwenye nguo ndogo, kwa hiyo tumia chepesi kuliko kile cha nguo halisi.

Ukiona mvaaji ameacha kuivuta suruali kila anaposogea, majaribio yamefaulu.

## Hatua ya 7: Weka hesabu za duka

Hii ndiyo nusu ya shahada ambayo majalada mengi hayaigusi. Kurasa mbili au tatu zinatosha, mradi namba zikubaliane.

Kwanza, nguo zako sita zipange zivaliane. Donna Karan, mbunifu wa mitindo wa Kimarekani, alipozindua mkusanyiko wake mwaka 1985 huko New York, aliujenga juu ya vipande saba vinavyobadilishana, ili mwanamke avae vichache kwa njia nyingi. Chora jedwali dogo: juu koti na blauzi, pembeni suruali na sketi, kisha tia alama kila penye nguo mbili zinazovaliana. Nguo isiyopata hata alama mbili haina nafasi.

Pili, piga gharama. Tumia fedha yoyote. Tuseme suruali moja inakula mita 1.6 za kitambaa cha bei 10 kwa mita, yaani 16. Zipu, uzi na gamu (kitambaa cha kuimarishia kwa ndani) ni 5. Ufundi ni 15. Kufungasha na kusafirisha ni 4. Jumla 40. Ukiiuzia duka kwa 80, duka nalo likataka faida ghafi ya asilimia 60, bei ya mteja itakuwa ngapi?

Wengi hujibu 128, wakiongeza asilimia 60 juu ya 80. Si sahihi. Faida ghafi huhesabiwa kutoka bei ya kuuzia: 80 gawanya kwa 0.40, unapata 200. Kwa 128, duka lingebaki na 48, ambayo ni asilimia 37.5 tu. Kosa hili limewashusha waombaji wengi hodari, na linatibika kwa dakika tano.

Tatu, gawa saizi. Duka likichukua suruali 120 za saizi nne kwa uwiano wa 1:2:2:1, ni 20, 40, 40 na 20. Eleza kwa nini umechagua uwiano huo. Saizi za kati zikiisha mapema, mzigo uliobaki unakuwa mgumu kuuzika hata kama nguo inapendwa.

Nne, onyesha mambo yakienda polepole. Baada ya wiki 8 zimeuzwa 78 kati ya 120, sawa na asilimia 65. Zile 42 zinashushwa bei kwa asilimia 30, hadi 140, zinaisha. Mapato: 78 mara 200 ni 15,600, na 42 mara 140 ni 5,880, jumla 21,480. Toa 9,600 za kununulia (120 mara 80), inabaki 11,880, yaani takriban asilimia 55 badala ya 60 zilizokusudiwa. Ukiweza kueleza asilimia tano hizo zimekwenda wapi, unazungumza lugha ya mnunuzi wa duka.

## Hatua ya 8: Panga kurasa

Chuo kisipotaja idadi, kurasa 15 hadi 20 zinatosha. Mpangilio ninaoupenda ni huu: mvaaji na shida yake, utafiti, vitambaa, mawazo madogo pamoja na yaliyotupwa, michoro ya mwili, michoro bapa, nguo ya majaribio, hesabu. Ukurasa mmoja wa mwisho uwe wa kazi nyingine yoyote unayoipenda kwa dhati, hata kama ni ya udongo au mbao.

Piga picha karibu na dirisha, jua lisiangukie karatasi moja kwa moja, na uzime taa za ndani ili rangi isigeuke njano. Simu iwe sambamba na karatasi. Kwa faili la kutumwa, picha za nukta 150 kwa inchi zinatosha kwenye skrini, na za kuchapishwa ziwe 300. Jina la faili liwe na jina lako na shahada unayoomba. Faili linaloitwa "mwisho mwisho 3" hupotea haraka sana kwenye kompyuta ya ofisi.

Maelezo yawe mafupi, sentensi moja au mbili chini ya kila picha. Ukiona unahitaji aya kuelezea mchoro, mchoro ndio wa kurekebishwa.

Mpe mtu asiyejua mitindo alipitie kwa dakika 3, kisha ulifunge jalada na kumuuliza: nguo hizi ni za nani, na zinatatua nini? Akijibu sawa, tuma. Asipojibu, usimweleze. Badili mpangilio umpe mtu mwingine.

## Hatua ya 9: Usaili

Nenda na nguo ya majaribio ikiwa kwenye mfuko, pamoja na daftari lenyewe, kurasa zake zikiwa na madoa na yote. Utaulizwa kwa nini umechagua kitambaa hiki, nani atanunua, na kama ungerudia ungebadilisha nini. Swali hilo la tatu ndilo zito. Usijibu kwamba ungefanya kila kitu vizuri zaidi. Itoe suruali, iweke mezani, onyesha mshono mmoja uliokushinda, na useme ungeukata wapi.